Dawa Haishukuriwi

Ting, ting, ting. Halafu kimya kidogo, halafu ting moja ya mwisho, ile ya kukung'uta kijiko kwenye ukingo wa jagi. Hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha kila asubuhi nilipokuwa nikiishi na shosho, nyanya yangu, kule Dundori. Nje ukungu bado umelalia viazi, ng'ombe wa majirani wanalilia kukamuliwa, na jikoni shosho anakoroga dawa ya kuku ndani ya jagi la bati. Hata leo ukivigonga vijiko vyote vya harusi mbele yangu, nitakuambia cha shosho ni kipi.

Nilienda kukaa naye shule iliponiishia kidato cha pili. Mama yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya maua upande wa Naivasha, na magoti ya shosho yalikuwa yamekataa kazi. "Nenda umshike mkono," mama aliniambia. Nilienda nikiimba. Mimi ni mtu wa ndoto, hata sijui nilitoa wapi tabia hiyo. Nilipofika tu na kuwaona kuku wake wakichakura chini ya miti ya plamu, nikaamua kwamba hapo ndipo nitakapofungua mahali pangu pa kutotolea vifaranga, watu watoke mpaka Olenguruone kuja kununua. Mlango nilikuwa nimeshauchagulia rangi. Bluu.

"Vifaranga?" shosho alicheka. "Kwanza jifunze kuokota yai bila kulikalia."

Nyuma ya jikoni kulikuwa na ua wa kayaba, wa zamani na mnene, wenye miiba ya kushonea gunia. Katikati yake kulikuwa na mwanya. Hakuna aliyeukata. Ulitengenezwa na watu kupita, mpaka udongo wa pale chini ukawa mgumu na kung'aa kama sakafu iliyopakwa samadi. Kupitia mwanya huo wanawake wa mashamba ya nyuma walikuja kwa shosho kuchukua dawa.

Wacha nieleze vile mambo yalivyokuwa, kwa sababu mtu wa mjini anaweza kudhani tulikuwa wajinga. Paketi ya dawa ya kuku unayouziwa kwa agroveti imepimiwa mtu mwenye banda kubwa. Sisi kila mtu alikuwa na kuku wake wachache wa kienyeji, wa yai la mtoto na wa kuchinjia mgeni. Ukifungua paketi ukatumia kidogo, unyevu wa Dundori unaingia, na ukirudi utakuta dawa imekuwa jiwe. Kwa hivyo zamani, kabla sijazaliwa, wanawake walipatana paketi iwe moja, ikae kwa mtu mmoja, na mwenye kuku mgonjwa aende apimiwe. Wakamchagua shosho kwa sababu moto wake haukuzimika, na mkebe ukikaa juu ya meko yake haushiki unyevu. Mkebe ulikuwa wa majani ya chai. Kijiko kilikuwa cha chuma, shingo yake imepinda kidogo.

Ulikuja na chombo chako: kifuniko cha mafuta ya kupikia, kikombe cha mtoto, mkebe wa ugoro. Shosho alikupimia kijiko kimoja, akakilainisha juu kwa kidole. Ulienda ukakoroga kwenye maji ya kuku mpaka yawe na rangi ya mkojo wa mtoto mwenye afya. Hivyo ndivyo shosho alivyosema, hata mbele ya pasta. Kuku akisimama na kuanza kula, unaacha, na unga uliobaki unaurudisha kwenye mkebe. Kurudisha ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Mtu asiyerudisha alisemwa msimu mzima.

Halafu kulikuwa na sheria ya mwisho. Dawa haishukuriwi. Ukisema asante, umeiua nguvu.

Jirani yetu wa karibu zaidi, ambaye nitamwita mama wa nyuma kwa sababu shamba lake liligusana na letu pale kwenye ua, aliolewa Dundori akitokea upande wa magharibi, na hakujua sheria hiyo. Siku yake ya kwanza alipopimiwa, alipiga goti kwa adabu ya kwao akasema, "Asante sana, mathe." Shosho akampokonya kifuniko, akarudisha unga kwenye mkebe, akamwambia, "Toka nje. Kisha uingie tena kama bubu." Mama wa nyuma alitoka, akaingia tena amefumba mdomo kwa vidole viwili, na wanawake waliokuwepo walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi sana, na kila mara aliyeisimulia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama wa nyuma mwenyewe.

Shosho hakuwa anaenda popote. Magoti yalimruhusu kufika bandani, chooni, na kwenye benchi la jikoni. Kanisani alifika tu kama mtu ametuma gari. Lakini habari zote za Dundori zilikuja kwake. Nani amezaa, ng'ombe wa nani ametupa mimba, viazi vya nani vimeingiwa na baridi. Mtu alikuja kuchukua kijiko cha dawa, akakaa mpaka chai ikaisha kwenye birika.

Siku moja tulikuwa tukimenya viazi, akaniambia, "Unajua ni kwa nini sifi?"

"Kwa nini, shosho?"

"Kuna mtu atakuja kesho kuchukua kijiko." Alitupa ganda kwenye karai. "Siku watakapoacha kuja, usisumbuke kuita daktari. Mwite seremala."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini nilikuwa nimeshakaa naye vya kutosha kujua kwamba huo ulikuwa ukweli uliovaa nguo ya mzaha. Mwanya ule na kijiko kile ndivyo vilivyokuwa vimemshikilia. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyejua.

Kuku wake mwenyewe aliwapa dawa kila asubuhi, wawe wagonjwa wasiwe wagonjwa. "Ya kuzuia," alisema. Alikoroga kabla hajaonja chai yake, jinsi watu wengine wanavyoomba.

Ugonjwa uliingia kwenye baridi ile inayofuata mvua ndefu. Mama wa nyuma alipita kwenye mwanya na gamubuti zake za mpira, akasema, "Shosho, jogoo wangu leo amesinzia kama mlevi wa Krismasi."

"Ameharisha?"

"Kijani. Kama mboga."

Akapimiwa kijiko. Jogoo akasimama, hata akawika, na mama wa nyuma akarudisha unga uliobaki bila kusema kitu, kama inavyotakiwa. Baada ya muda mfupi jogoo alianguka tena, na mara hii hakuamka. Kisha wakaanza wa mama mwingine, na wa mwingine. Vilemba vya kuku vilipauka, vichwa vikaingia ndani ya mabawa. Kila asubuhi kukawa na foleni mlangoni kwetu, gamubuti kwa gamubuti, kila mtu ametoka kwa banda lake moja kwa moja na kifuniko mkononi.

Nitasema jambo moja ambalo linaniuma mpaka leo. Siku hizo shosho alikuwa na furaha. Si kwamba alifurahia kuku kufa. Lakini aliamka mapema kuliko jogoo waliobaki, akafunga kitambaa chake kizuri cha maua, na kijiko hakikupoa. Watu walikuwa wengi hata benchi halikutosha. Aliniagiza nichemshe chai ya sufuria kubwa. Uso wake ulikuwa kama wa bibi harusi.

Paketi iliisha, ikaletwa nyingine. Kijiko kimoja kikawa viwili. Mtu akasema zile kapsuli za binadamu, za rangi mbili, ukizifungua ukachanganya humo zinaongeza nguvu, na mchana mzima mimi na shosho tukakaa tukifungua kapsuli na kukung'uta unga ndani ya mkebe, vidole vimekuwa vya njano. Kuku wakaendelea kufa.

Wetu walianza kwa yule mweusi. Huyo nilikuwa nimempenda kupita kiasi, kwa sababu alikuwa ameatamia, na vifaranga vyake ndivyo vingekuwa vya kwanza vya mlango wangu wa bluu. Nilimkuta asubuhi amekalia mayai yake vizuri kabisa, mabawa yametanda, ila kichwa kimelala. Nikatia mkono chini yake. Mayai yalikuwa bado na joto. Niliyaweka ndani ya sweta, kwenye tumbo langu, nikatembea nayo nikifanya kazi za nyumba kama mjamzito, mpaka shosho akaniambia kwa upole, "Yatoe, mtoto. Joto lako ni la watu." Nikayatoa.

Mama wa nyuma ndiye aliyempigia simu daktari wa mifugo. Alikuja mchana, kijana mpole mwenye koti la kijani, anayeongea Kiswahili cha polepole kama mtu anayeogopa kumkanyaga mwenzake. Alipasua kuku mmoja aliyekufa juu ya gunia, akaangalia ini. Kisha akauliza kama wenye kuku wangeweza kukutana mahali. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Tulikutana pale tulipokutana siku zote, mlangoni kwa shosho.

"Niambieni," daktari alisema, "mnawapaje dawa?"

Wanawake walimweleza wakipokezana maneno, kwa fahari, kama wanaomweleza mgeni vile wanavyopika. Kijiko, kifuniko, rangi ya maji. Kuhusu mkojo wa mtoto walicheka. Mkebe ukaletwa. Daktari aliufungua, akauinamisha upande wa jua. Nami nikaangalia. Ndani ya unga kulikuwa na madonge, na kaunyoya kadogo ka kahawia, na vitu vingine vidogo vyeusi ambavyo sikutaka kuvijua. Ni yale yaliyokuwa yakirudishwa.

Masikio ya shosho yalikuwa yamezeeka pamoja na magoti. La kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Kwa hivyo nilisimama upande wake wa kulia, kama ilivyokuwa kawaida yangu, nimrudishie maneno.

"Hii ni taifodi ya kuku," daktari alisema. "Inakaa kwa kinyesi. Haina miguu. Inatembea kwa viatu vyetu na vyombo vyetu."

"Anasema nini?" shosho aliuliza.

"Ni taifodi ya kuku, shosho. Iko kwa kinyesi."

Shosho akatikisa kichwa kwa heshima. Daktari akaendelea. "Sasa, kila mmoja ametoka kwa banda lenye ugonjwa, akaja hapa na gamubuti zile zile. Kuku wa hapa wanazunguka mlangoni. Mwenye banda safi naye amekuja, amesimama hapo hapo, amerudi kwake. Na kilichobaki kimetoka bandani kikarudi kwa mkebe, kikapewa mwingine."

"Anasema nini?"

Niliangalia nyuso za watu. Mama wa nyuma alikuwa ameinamia gamubuti zake.

"Anasema tuoshe viatu," nikasema.

Shosho alinitazama mimi, kisha akatazama watu, mmoja baada ya mwingine. Mtu asiyesikia hujua kusoma. "Maneno yake yalikuwa marefu," akasema. "Yako ni mafupi. Sema yote."

Nikasema yote. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa, mdomo karibu na sikio lake, na kwa hivyo kila neno lililosemwa na daktari taratibu, uwanja mzima ulilisikia mara ya pili kutoka kwangu, nikipaza sauti kama mtu anayegomba. Kijiko kimoja kwa siku moja, kisha mnaacha. Wadudu waliokufa ni wale dhaifu. Waliobaki ni wale sugu, na hao ndio wanaozaana. Mmewapa kidogo kidogo miaka mingi, hata wale kuku wazima, mpaka sasa wadudu wanaiona dawa hii kama chai. Nilimpigia kelele shosho wangu maneno hayo sikioni, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Nilipomaliza aliutazama mkebe. Kisha akasema, "Kwa hivyo ni kijiko changu."

"Hapana, shosho," daktari alisema haraka. "Si wewe. Ni mazoea tu. Hata kwingine wanafanya hivi hivi."

Hayo pia nilimrudishia. Alitikisa kichwa jinsi mtu anavyotikisa kichwa akipewa pole.

Siku nyingine yoyote, mtu angerusha mzaha hapo. Mama wa nyuma alifungua mdomo, akaufunga. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia shosho asante, kwa sababu yeye mwenyewe alikataza. Kwa hivyo siku alipohitaji mtu amwambie neno lolote jema kuhusu kijiko kile, hakuna aliyekuwa na neno hilo mdomoni. Hawakuwa wamelizoea.

Daktari alitufundisha kuweka gunia lililoloweshwa dawa ya kukanyaga, ya kuua wadudu wa viatuni, mlangoni mwa kila banda. Akasema kila mtu anunue dawa yake, ya aina nyingine, aimalize hata kuku akisimama. Na kwa sasa watu wasitembeleane bandani. Kila mtu alimtii. Hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Hakuna aliyemchukia shosho, hakuna aliyemsema vibaya mahali nilipokuwa. Walifanya tu walivyoambiwa, na walivyoambiwa ilikuwa kweli.

Mama wa nyuma alikuwa akisimama upande wake wa ua, asubuhi, akiita, "Shosho, umeamkaje? Siingii, nimetoka kwa banda." Lakini masikio ya shosho hayakufika mpaka uani. Salamu zilianguka njiani. Mimi nilikuwa nikiziokota na kumpelekea. "Mama wa nyuma anakusalimia." Alijibu, "Mwambie nimeamka." Nami nikatoka nje kwenda kumwambia. Baada ya muda hata hizo zikapungua, kwa sababu salamu ya kutumiwa inachosha wote wawili.

Majani yakaanza kuota pale kwenye mwanya, kwenye udongo ule uliokuwa unang'aa.

Siku moja nilitoka kuchimba viazi, nikakosa kumwona kwenye benchi. Nilimkuta nyuma ya jikoni. Alikuwa amepiga magoti, magoti yale yale yaliyokataa kumpeleka kanisani, akisukuma matawi ya kayaba ndani ya mwanya kwa mikono mitupu. Mikono ilikuwa na damu mpaka vifundoni.

"Shosho, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Nani amekuambia ufunge?"

"Hakuna." Akasukuma tawi lingine. "Afadhali niufunge mimi kuliko kukaa nikiutazama."

Nikakaa chini kando yake. Sikujua kama nimsaidie au nimzuie, kwa hivyo nilimtoa miiba.

Tulikuwa tumebakiwa na kuku mmoja, wa madoadoa. Naye alikuwa ameanza kupauka kilemba. Daktari alituachia ile dawa nyingine, akasisitiza imalizwe. Shosho aliikoroga kila asubuhi, ting, ting, ting, kwa kuku mmoja. Kuku alisimama mapema. Shosho hakuacha. Aliendelea mpaka paketi ikawa imekunjwa tupu, na yule kuku akawa anakula, anachakura, kisha akataga. Shosho alilishika lile yai likiwa na joto.

"Kumbe," akasema.

Akaligeuza kiganjani.

"Kumbe ilikuwa ni kumaliza tu."

Siku hiyo hakula. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kuku aliyepona anaweza kubaki na ugonjwa ndani bila kuonekana, kwa hivyo asichanganywe na wengine. Tukamweka peke yake kwenye banda dogo. Shosho alikuwa akienda kukaa karibu naye juani. "Tumetengwa wawili," aliniambia. "Lakini mwenzangu angalau anataga."

Anti yangu, mtoto wake wa mwisho, alikuja kutoka Free Area, kule mjini, akamwona alivyokonda, akasema baridi ya huku itammaliza. Akamchukua. Shosho hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu shosho alikuwa mtu wa kubisha hata ukimwambia saa ngapi imefika. Mkebe aliuosha mwenyewe, akaufunika kichwa chini juu ya meko. Kijiko alikitia kwenye mkoba wake, katikati ya Biblia na leso. Mimi nilibaki kumtunza yule wa madoadoa na viazi.

Nilienda kumwona Free Area kila nilipopata nafasi. Nyumba ya anti ni nzuri, ina vigae, iko juu kwenye ghorofa. Magoti hayangemshusha zile ngazi wala kumpandisha. Alikuwa amewekewa kiti cha plastiki karibu na mlango, mahali alipopataka mwenyewe. Kivuli cha mtu kikipita chini ya mlango, aliinua kichwa. Watu walipita, wakaenda zao. Majirani wa pale ni watu wazuri ila wana haraka.

Alikuwa akikoroga chai. Ting, ting, ting. Anti alicheka akamwambia sikioni, "Mama, hiyo sukari imeyeyuka kitambo."

"Najua," akasema, akaendelea.

Mara ya mwisho aliniuliza, "Mwanya uko aje?"

"Umefungwa, shosho."

"Miiba imeshika?"

"Imeshika. Imeanza hata kuchipuka pembeni."

"Vizuri," akasema, na akageuza uso ukutani kama mtu anayetafuta kitu pale. Nilimpigia hadithi za mlango wangu wa bluu mpaka akatabasamu kidogo. Nilijua alinitabasamia mimi, si mlango.

Alifia kwenye kiti hicho, alasiri, kikombe kikiwa mapajani. Anti anasema hakuwa mgonjwa. Hospitali nayo ikasema ni uzee. Mimi sikubishana na mtu.

Tulimrudisha Dundori kumzika. Wanawake walikuja kwa barabara, kupitia lango kubwa, na kila mmoja alipofika alisugua viatu kwenye majani kabla ya kuingia, kwa mazoea yao mapya. Nilikuwa jikoni nikichochea moto, ndipo nikamwona mama wa nyuma kupitia dirishani. Alikuwa anakuja kwa njia ya zamani, na sufuria ya githeri kichwani, akitembea haraka huku anaangalia chini, mpaka akafika mbele ya miiba. Akasimama. Alisimama hapo sufuria ikiwa kichwani, kama mtu aliyefika kwao akakuta nyumba imehamishwa. Kisha akageuka taratibu, akaenda kuzunguka na barabara.

Alipoingia jikoni githeri ilikuwa imepoa.

"Ni miguu imenipeleka kule," akaniambia. "Miguu haijaambiwa."

Nikampokea sufuria. Akakaa kwenye benchi, mahali pake, akatazama ule mkebe uliofunikwa juu ya meko.

"Unajua sikuwahi kumwambia asante?"

"Alikuwa anakataza."

"Najua alikuwa anakataza. Si alinifukuza niingie tena kama bubu." Akacheka kile kicheko chake kikubwa, kikakatika katikati. Akafunga mdomo kwa vidole viwili, vile vile kama kwenye hadithi, na machozi yakapita juu ya vidole. "Nimekuwa bubu muda mrefu sana," akasema.

Watu walipoondoka wote, anti na mama nao wakaenda zao kwa kazi zao, nilibaki na yule wa madoadoa. Asubuhi iliyofuata hakuna sauti iliyoniamsha, niliamka tu. Nilichukua panga, nikaenda nyuma ya jikoni. Matawi aliyoyaweka shosho yalikuwa yamekauka na kushikana, na machipukizi mapya yamepita katikati yake. Nilikata yale mabichi. Yale makavu, yale ya mikono yake, sikuyakata. Niliyavuta moja moja kwa mkono, nikayapanga kando. Miiba ilinichoma, nikaiacha inichome.

Nilipomaliza, nililowesha gunia kwenye dawa ya kukanyaga, nikalitandika pale chini, kwenye udongo uliokuwa unang'aa. Hakukuwa na mtu upande wa pili. Nikakanyaga gunia kwa mguu mmoja, kisha mwingine, nikapita mpaka kwenye shamba la mama wa nyuma, nikageuka, nikakanyaga tena, nikarudi.